Korongo la Kilwa

"Mwalimu, hilo si korongo?"

Aliyeuliza ni binti wa kidato cha pili, mzaliwa wa Kondoa, anayekaa dawati la nyuma na ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe. Nilikuwa nimebandika ubaoni picha ya Gereza, ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, mji wa zamani wa kisiwani kwenye pwani yetu ya kusini, iliyopigwa kutoka upande wa bahari. Wenzake walikuwa wakitazama mnara na ukuta uliomeguka. Yeye alikuwa akitazama chini ya ukuta, pale ardhi ilipokatika wima, mizizi ikining'inia hewani, na mawe ya jengo yamelala mchangani.

Darasa likacheka. Korongo baharini? Korongo ni mambo ya huku kwetu Dodoma, ya mvua za Januari na njia za ng'ombe. Nikawaeleza kwamba yale ni mawimbi, kengele ikalia, kipindi kikaisha.

Swali halikuisha. Lilinifuata kwenye daladala, likanikuta nasahihisha madaftari, likanirudia usiku. Kwa wiki nyingi sasa nimekuwa nikijiuliza binti yule aliona nini ambacho mimi, na miaka yangu yote ya kufundisha somo hili la historia, sijawahi kukitazama.

Huku hakuna bahari

Mwenzangu wa ofisi ya walimu aliposikia ninachosoma jioni alinivuta pembeni. "Madam, sisi tunahangaika na mgao wa maji, wewe unaulilia mji unaoliwa na maji?"

Alisema kwa upole, na ana hoja. Anayeishi Dodoma anajua maana ya kuamka usiku kusikiliza kama bomba limeanza kutoka. Visima vya Mzakwe vimebeba mji huu kwa miaka mingi, na mji unakua kuliko visima. Mtu wa hapa akikwambia kwamba bahari ya Kilwa si shida yake, humwoni kuwa mkorofi.

Lakini nilipokaa na jambo lenyewe, niliona kwamba Kilwa haikujengwa na watu wa pwani peke yao. Dhahabu iliyopita Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, huko ndani kabisa ya bara. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, imeokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka ufukwe wowote. Kasri lake la Husuni Kubwa lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Vyumba vile vililipiwa na watu waliochimba na kubeba mizigo kichwani, na wengi wao hawakuwahi kuiona bahari.

Misafara iliyopita Ugogo ilielekea Bagamoyo, najua. Haikwenda Kilwa. Ila pwani ile ni moja na bara lililoilisha ni moja.

Na hapo lipo jambo zito zaidi, ambalo lilinifanya nisite kwa siku kadhaa. Karne ya 19, Kilwa Kivinje, ng'ambo ya pili kwenye nchi kavu, ilikuwa soko kubwa la watumwa waliotembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa. Nimewahi kusikia mtu akisema hadharani: miji ile iache iende, ilinenepa kwa jasho na machozi yetu. Sikuweza kumbeza. Kuna usiku nilikubaliana naye.

Kilichonirudisha ni darasa lenyewe. Ninapowafundisha wanafunzi biashara ya pwani ile, mazuri yake na uchafu wake, ushahidi ninaowaonyesha ni mawe yale yale. Msikiti Mkuu na makuba yake, Gereza lililoanzishwa na Wareno mwaka 1505 walipouteka mji na kujengwa upya na Waomani karibu na mwaka 1800, sarafu, vipande vya vyungu vya Uchina. Bahari ikiyachukua haichagui ya kujivunia na ya kuaibisha.

Bahari imekula tangu zamani

Shaka yangu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Kule Mafia, upande wa magharibi wa kisiwa, ulikuwapo mji wa Kisimani. Sehemu kubwa yake imeshachukuliwa na maji, na ulianza kuchukuliwa kabla ya kiwanda chochote kufuka moshi nchini mwetu. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa na miti na kilikuwa mahali maarufu pa kasa kutaga mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Miti yake ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika. Kwingine bahari imefanya kinyume. Kaole, jirani na Bagamoyo, ilikuwa bandari. Leo kati ya magofu yake na maji kuna msitu wa mikoko, kwa sababu ghuba ilijaa tope na bahari ikajisogeza mbali.

Basi kama bahari imekuwa ikienda na kurudi miaka yote hii, kipya ni kipi? Kwa nini nipate taabu kwa jambo ambalo babu zetu waliliona na wakahama?

Majibu ya wanasayansi niliyasoma zaidi ya mara moja kabla hayajaniingia. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20. Ukisikia sentimita 20 unaweza kusema ni shibiri moja tu. Ila mwendo wenyewe umebadilika: kati ya 2006 na 2018 bahari ilikuwa inapanda milimita 3.7 kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya wastani wa karne iliyopita. Tena wimbi halipigi kwenye usawa wa wastani. Linapiga siku ya bamvua, maji yamejaa mpaka juu na kusi inavuma. Shibiri moja siku ile ndiyo inayoamua kama maji yataishia mchangani au yataufikia msingi wa ukuta.

Mwaka 2022 watafiti walichapisha hesabu ya maeneo ya urithi yaliyo kwenye pwani za Afrika. Walihesabu 284. Kati ya hayo, 56 tayari yako kwenye hatari ya mafuriko makubwa ya bahari, yale yanayotarajiwa mara moja kwa karne. Kufikia mwaka 2050, hata kama dunia itapunguza hewa chafu kwa kiasi, idadi hiyo inaweza kupita 190.

Miji ya zamani ilipoliwa, watu walihama na kujenga mwingine. Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman haitajengwa nyingine.

Mvua ya Husuni Kubwa

Hapa ndipo swali la binti yule liliponigeuza kabisa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikayaondoa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta na kukinga ufukwe. Niliyajua hayo, huwa nayafundisha. Nisichokuwa nimekisoma kwa makini ni sababu zenyewe za mwaka 2004.

Nilitegemea kukuta mawimbi, na mawimbi yamo. Lakini Husuni Kubwa, lile kasri lililo juu ya genge, ardhi iliyokatika wima ikitazama bahari, lilikuwa linaliwa kutoka juu. Maji ya mvua yanateremka kutoka nchi kavu, yanapita katikati ya magofu, yanakata ukingo wa genge, na kuta zilizo ukingoni zinakaribia kuporomoka.

Mvua. Mtelemko. Udongo usio na kitu cha kuushika.

Korongo, kama binti alivyosema.

Kuna jambo lingine kwenye maelezo yale ambalo bado linanisumbua. Miti na vichaka vilivyoota kwenye genge lile ndivyo vilivyopunguza kasi ya maji. Na mizizi ya miti hiyo hiyo ndiyo inayopasua kuta. Ukifyeka, unaokoa ukuta na kupoteza ardhi ambayo umesimama juu yake. Ukiacha, unaokoa ardhi na ukuta unapasuka. Hakuna panga litakalokutatulia hilo. Anahitajika mtu wa kukaa pale mwaka mzima, anayejua mti upi ukatwe shina na upi uachwe.

Ukingo wa Kondoa

Nikaenda Kondoa, maana siku hizi kwa lami ya Babati si mbali. Sikwenda Kolo kutazama michoro ya miambani, ingawa nayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006 na inastahili makala yake. Nilikwenda kutazama makorongo.

Vijana wengi wa Dodoma hawajui ile nchi ilikuwaje. Miaka ya 1970 milima ya Irangi ilikuwa imechanika. Udongo mwekundu ulikuwa unashuka na kila mvua, makorongo yanameza mashamba, mchanga unafunika mabonde. Mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta, wakapanda miti, na bado ardhi ilizidi kwenda. Mwaka 1979 likatoka agizo: mifugo yote iondoke katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na korongo la zamani. Tulimkuta ukingoni kabisa, amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuangalia shimo?"

Nilipochungulia nilishangaa. Ukingo ulikuwa umelala, haujasimama wima. Nyasi zilikuwa zimeushika kuanzia juu mpaka chini, na kwenye vipande vichache vilivyobaki wazi ningeweza kuona matabaka ya udongo, jekundu juu, la kijivu chini, changarawe katikati. Chini kabisa palikuwa na mchanga mweupe, na wasichana wawili walikuwa wamechimba kisima kifupi mchangani wakichota maji kwa kata. Miti iliyoota mle ndani ilikuwa mirefu kuliko nyumba ya mzee.

Nikamuuliza kama ni kweli ardhi ilipona baada ya ng'ombe kuondoka.

"Ilipona," akasema. "Mvua chache tu, nyasi zikarudi. Hata sisi hatukuamini."

Akaendelea kuchonga. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Lakini ng'ombe walikuwa wangu, na ardhi ilikuwa ya wote."

Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu huko tambarare, akanieleza, na wengi haikurudi. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu alikuwa anauza siku moja. Miaka ikapita ndipo ng'ombe wa maziwa wa kulishwa bandani wakaruhusiwa. Watoto waliozaliwa kipindi hicho walikua bila maziwa nyumbani, kwenye kabila ambalo mahari inahesabiwa kwa mifugo.

Niliondoka pale na mambo mawili ambayo siwezi kuyatenganisha. Ardhi inayokwenda inaweza kushikwa. Na kuna mtu anayelipia, ambaye jina lake haliandikwi kwenye ripoti.

Mikoko na boriti

Kilwa Kisiwani nilishawahi kufika miaka ya nyuma, kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Nilikwenda kama wanavyokwenda walimu, na daftari la kuandika tarehe. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka yale ambayo siku ile hayakuingia daftarini.

Namkumbuka bibi mmoja aliyekuwa amekaa kivulini karibu na njia iendayo Gerezani, anasuka ukili. Vidole vyake havikusimama hata alipokuwa akizungumza nami.

"Karibu mwanangu. Wewe wa bara?"

"Ndiyo bibi, Dodoma."

"Haya, pole na safari." Akanionyesha kwa kidevu mahali penye maji. Pale, akasema, palikuwa na minazi ya baba yake. Bamvua moja la kusi liliondoka na miwili, lingine likaja kumalizia. Akataja mikoko iliyokuwa mbele yake, jinsi watu walivyoikata kidogo kidogo, huyu boriti za kuezekea, yule kuni, mwingine za kuuza.

Hakuwalaumu. Watu wa kisiwa kile wanaishi katikati ya magofu, na wanahitaji nyumba na moto kama mtu yeyote. Hata Kilwa ya masultani ilijengwa hivyo hivyo. Mawe yake ni ya matumbawe. Chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya malundo ya magogo. Mapaa bapa ya nyumba zake yalibebwa na boriti za mikoko. Mji mzima ulitolewa kwenye miamba na miti ile ile iliyokuwa ikiukinga na bahari.

Siku hizi baadhi ya fukwe zimewekewa kuta za nyavu za waya zilizojazwa mawe, na zimesaidia. Lakini waya hula kutu kwenye maji ya chumvi, na ukuta hauongezeki urefu. Mkoko hufanya kazi tofauti. Mizizi yake hupunguza nguvu ya maji, tope linatulia, na mwaka hata mwaka ardhi chini yake inapanda. Penye tope la kutosha na nafasi ya kusogea nyuma, msitu wa mikoko unaweza kupanda pamoja na bahari.

Kuupanda ni kazi ya mikono. Mche wa mkoko huanza kuota ukiwa bado juu ya mti, mrefu, wa kijani, umechongoka chini. Ukianguka maji yamekupwa, huchoma tope na kusimama. Wanawake wa pwani huiokota iliyokomaa na kuidunga mmoja mmoja, wameinama, tope liko kwenye magoti, wakishindana na maji yanayorudi. Kaa huila mingine. Mawimbi hung'oa mingine. Inabidi kurudi na kudunga tena.

"Tulipanda," bibi aliniambia. "Tukapewa posho. Mradi ukaisha, kibao kikabaki."

Nikamuuliza nani anaiangalia sasa.

"Sisi. Nani mwingine?"

Siku ile niliandika kwenye daftari mwaka wa kujengwa Gereza. Maneno ya bibi sikuyaandika, na nashukuru kwamba yamekaa kichwani.

Nani analipa

Huku kwetu tumezoea kulizungumza hili kama jambo la mataifa makubwa. Wao ndio waliochafua hewa, wao walipe. Naamini hivyo kwa moyo wote, na nitaendelea kuwafundisha wanafunzi wangu hivyo. Ila deni hilo likilipwa kesho, bado fedha zitapita Dodoma, na bado mtu fulani atalazimika kuamua zimfikie nani.

Magofu ya Kilwa yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Misitu ya mikoko ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Taasisi zote mbili ni za Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo kwa sasa iko hapa hapa Dodoma, kwenye mji wa Serikali wa Mtumba. Ukuta una mwenyewe na mti unaoukinga una mwenyewe mwingine. Ofisa wa magofu hawezi kumlipa mlinzi wa mikoko, na ofisa wa misitu hapimwi kwa kusimama kwa Gereza. Katikati yao yuko yule bibi, ambaye hayumo kwenye daftari la yeyote.

Nimefikiri sana kuhusu mzee wa Kondoa. Mwaka 1979 amri ilikwenda kwake na fidia haikumfikia, na ardhi ikapona kwa gharama ya zizi lake. Sitaki tuifanye Kilwa ipone kwa namna ile. Kumwambia mtu wa kisiwani asikate boriti ni rahisi. Kumpa mbao na mabati ya kuezekea, au nishati ya kupikia inayomfaa, kunahitaji fedha kila mwaka, iwepo kazi ya wafadhili au isiwepo. Na ni fedha ndogo ukilinganisha na kujenga upya ukuta mmoja wa mawe baharini.

Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Nimemwandikia barua mbunge wa jimbo langu, jimbo lisilo na hata bwawa la samaki la kujivunia, nikamwomba asimame siku ya wizara hiyo na kuuliza maswali mawili. Ni kifungu gani cha bajeti kinachowalipa wanavijiji wa Kilwa Kisiwani kwa kulinda mikoko iliyo mbele ya Gereza, mwaka hadi mwaka? Na kama hakipo, TAWA na TFS watakaa meza moja lini ili kipatikane?

Bado hajanijibu. Nakala ya barua ninayo, na kabla Aprili haijafika nitampelekea tena.